Mchezo wa Kungoja Ndani ya Stoo ya Mahindi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa fundi wa viatu karibu na soko, kiatu kimoja mguuni na kingine mikononi mwa fundi. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyepiga simu. "Mzee," akasema, "dada ametuacha leo asubuhi." Nilimuuliza swali la kijinga ambalo watu huuliza wakati kama huo, kama ana hakika, naye akanijibu kwa upole kwamba ndiyo, ana hakika. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii watamkumbuka, ingawa sikuwahi kumtaja kwa jina wala leo sitamtaja, maana hakupenda. Ni yule mwalimu wa kompyuta wa hapa Eldoret aliyekuwa akitengeneza gemu isiyo na risasi wala mbio za magari. Nilipoandika habari zake mara ya kwanza, baadhi yenu mliniuliza mtu mzima wa umri wangu anatafuta nini kwenye gemu. Figo zilimsumbua kwa muda mrefu, na siku za kwenda kusafishwa damu alikuwa akibeba kompyuta yake, anafanya kazi kitandani huku mashine inanguruma kando yake. Hakufikisha miaka arobaini.

Niseme mapema kwamba naandika haya nikiwa na woga. Mwaka wa kura unakaribia, na magari ya kampeni yameanza kupita chini ya dirisha langu yakiwa na vipaza sauti. Kila yanapopita, mke wangu hupunguza sauti ya redio ili asikie wanasema nini hasa, na mimi huacha kuandika. Tunajifanya kila mmoja hamwoni mwenzake. Watu wa mji huu waliokuwa na akili zao wakati wa machafuko yale ya baada ya uchaguzi wanaijua hali hii. Hatuizungumzii. Marehemu aliizungumzia kwa njia yake, na ndiyo maana namwandika.

Alizaliwa Burnt Forest, binti wa wazazi waliohamia huko kutoka upande wa kati wa nchi. Baba yake alikuwa na duka la sukari na mafuta ya taa, na nyuma ya duka walilima viazi. Machafuko yalipoanza yeye alikuwa msichana wa sekondari, yuko nyumbani likizo. Asubuhi hiyo mama yake alimtuma kwa jirani, mama mmoja mwenyeji wa huko, akachukue maziwa kama kawaida. Akiwa bado amesimama uani na kibuyu cha plastiki mkononi, kelele zikaanza upande wa barabara, kisha moshi. Yule mama jirani hakumwambia neno. Alimshika mkono, akamsukuma ndani ya stoo ya mahindi, akafunga mlango kwa nje. Wazazi na mdogo wake walibebwa na lori lililokuwa likielekea Nakuru, wakijua wamemwacha, bila njia ya kurudi. Duka liliteketea. Yeye alibaki ndani ya stoo ile ya mbao siku kadhaa, analetewa ugali na maziwa kupitia upenyo wa chini ya ukuta, asijue wazazi wako hai au la. Mwishowe yule mama alimvika shuka lake, akamtwika mtungi wa maziwa, akatembea naye hadi barabara kuu kama mtu na mkaza mwana wake wanaopeleka maziwa, akamkabidhi kwa askari. Familia ilikutana tena baadaye, ikahamia Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, na mambo ya stoo hayakutajwa tena nyumbani kwao.

Nilikutana naye miaka mingi baada ya hapo, katika chuo alichokuwa akifundisha, nilikokwenda kuzungumza na wanafunzi juu ya uandishi. Baada ya mazungumzo alinijia, akanambia anatengeneza gemu na angependa mtu asiyejua gemu aijaribu. Akanikalisha kwenye maabara ya kompyuta mchana kweupe, jua linaingia dirishani, akanivalisha vipokea sauti masikioni. Kwenye skrini nilikuwa ndani ya stoo. Magunia, mbao, mistari ya mwanga ikipenya katikati ya mbao. Niliweza kusogea kidogo, kugusa gunia, kuchungulia kwenye mwanya na kuona kuku, kona ya zizi, wakati mwingine miguu ya watu. Mlango ulikuwepo, na ningeweza kuusukuma wakati wowote, lakini ukiusukuma skrini inakuwa nyeupe, unarudishwa mwanzo, na huambiwi ni kwa nini. Hakuna aliyenishambulia. Nilisikia sauti za wanaume nje wakizungumza lugha ya wenyeji wa Burnt Forest, ndiyo lugha ya mama yangu, lugha niliyonyonya nayo, na nywele zikanisimama. Niliposikiliza vizuri niligundua walikuwa wakizungumza juu ya ng'ombe aliyekataa kula. Alikuwa amewarekodi wanafunzi wake, akawaambia wazungumze chochote wanachotaka. Nilikuwa naelewa kila neno, hakuna neno baya hata moja, na bado viganja vyangu vililowa jasho. Kisha kulikuwa na sauti nyingine karibu kabisa na mlango, kitu kigumu kikikwaruza kitu kigumu, kwaru, kwaru, kinanyamaza, kinaanza tena. Nilivua vile vipokea sauti kabla ya mwisho. Nilipomuuliza sauti ile ni ya nini, alisema, "Walikuwa wananoa panga."

Gemu za namna hii zipo duniani, alinieleza, zile ambazo mchezaji anatembea polepole, anafungua droo, anasoma vitu vilivyoachwa, anaunganisha hadithi mwenyewe bila kupigana na mtu. Wapo wanaozipenda mno na wapo wanaozidharau, wakisema si gemu. Yeye alilijua hilo, lakini kulijua ni jambo moja na kuliona mbele ya macho yako ni lingine. Kuna Jumamosi alikodi ukumbi mdogo mjini akawaalika vijana waje waijaribu. Walikuja wengi, maana waliambiwa kuna gemu mpya iliyotengenezwa hapa hapa. Kijana wa kwanza alishika padi ya kuchezea kwa ujuzi kabisa, akazunguka ndani ya stoo, akagonga kila gunia, akageuka.

"Madam, hii gemu inaanza lini?"

"Imeshaanza."

"Sasa adui ako wapi?"

"Wewe unafikiri ako wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana naye akacheka, akausukuma mlango, skrini ikawa nyeupe. Akausukuma tena. Mara ya tatu akaweka padi mezani na kusema, bila ubaya wowote, "Hii ni ya wazee, wacha niwaachie." Waliobaki walifuata njia ile ile. Wengine walikuwa na hakika kuna bunduki imefichwa ndani ya magunia. Msichana mmoja tu alikaa. Alikaa bila kugusa kitu, macho kwenye mwanya, na sauti ya kukwaruza ilipoanza alisimama ghafla, kiti kikaanguka, akatoka nje ya ukumbi. Marehemu alimfuata. Aliporudi alikuwa amepauka. Hakuniambia msichana yule alisema nini na sikumuuliza, ila aliniambia hivi: "Mzee, wale waliocheka siwalaumu. Gemu zote walizocheza zimewaahidi kwamba ukingoja kidogo kitu kitatokea, na kikitokea utakipiga. Mimi sijawaahidi kitu. Nimewafungia tu."

Baada ya hapo alimpata mfadhili, bwana mmoja wa Nairobi aliyekuwa akitafuta gemu za Kiafrika. Aliipenda stoo, akazipenda sauti, akasema tatizo ni moja tu. Watu hawalipi ili wangoje, alimwambia. Mlango uvunjwe mapema, waingie watu na mapanga, mchezaji akimbie. Marehemu alihitaji ule ufadhili, maana ugonjwa ulikuwa umeanza, akaenda nyumbani akafanya alivyoambiwa. Siku chache baadaye alinipigia simu, sauti yake ya chini sana, nikadhani yuko hospitali.

"Nimewatengeneza wale watu," akasema. "Nimewapa nyuso. Sasa wako ndani ya kompyuta na mimi siwezi kuiwasha."

Nikamwambia ni picha tu.

"Mzee, mimi sikuwaona. Sikuwahi kumwona hata mmoja. Sasa nyuso hizi nimezitoa wapi? Nilipoangalia vizuri nikaona ni za wanafunzi wangu. Mmoja ni yule anayeniuzia mkate hapa getini. Leo nimeshindwa kuingia darasani."

Alizifuta zile nyuso, akamwandikia mfadhili kwamba ameshindwa, na mfadhili hakujibu. Lakini jambo lile halikumtoka. Alisema hawezi kuimalizia gemu kama hajui ni nani waliokuwa nje ya mlango ule, na mtu pekee wa kumuuliza alikuwa yule mama jirani. Walikuwa wakiwasiliana. Mama alifika Yamumbi mara kadhaa na maziwa lala na viazi, akala, akaondoka. Ila marehemu mwenyewe hakuwahi kukanyaga tena Burnt Forest. Aliniomba nimpeleke kwa pikapu yangu.

Safari ile siisahau. Alikaa na kompyuta mapajani, ameishika kama mtu anayeshika mtoto kwenye barabara mbovu, ingawa barabara ni nzuri. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo alivyozidi kunisimulia habari zisizo na maana, bei ya mbolea, mwalimu mwenzake aliyenunua pikipiki. Tulipofika sokoni alinyamaza. Watu walikuwa wakipakia viazi kwenye malori na hakuna aliyetutazama, lakini mimi niliyezaliwa katika ukanda huu, ninayeweza kumsalimu mtu yeyote pale kwa lugha yake, nilijikuta nimefunga vioo vya gari. Tulipofika kwa yule mama, mwanamume mmoja wa makamo aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe alikuja akatufungulia geti, akatupungia mkono tupite.

Mama alitupokea kwa furaha, akatupa chai ya maziwa matupu, mvua ya alasiri ikaanza kunyesha juu ya mabati. Marehemu alifungua kompyuta kwenye meza ya sebuleni. Mama hakuiweza padi, kwa hiyo alikuwa anaamuru tu. "Nisogeze pale kwenye mwanya. Hapana, ule mwingine. Eeh! Hiyo ni kuku yangu?" Alicheka, akasifu magunia. Kisha sauti ya kukwaruza ikaanza. Kwaru, kwaru. Mama aliacha kucheka.

"Hii ni nini?"

"Ni panga, Mama. Walikuwa wananolea panga hapo mlangoni."

"Nani alikuambia ni panga?"

"Nilisikia. Kila siku nilisikia."

Mama aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na magunzi mawili, moja tupu na jingine lenye mahindi makavu. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kupukuchua, gunzi likikwaruza gunzi, punje zikidondoka kimya juu ya gunia. Kwaru, kwaru. Nilimtazama marehemu. Alikuwa amerudi nyuma hadi mgongo umegusa ukuta, macho yamemtoka, kama msichana yule wa sekondari. Woga ulimfikia kwanza. Kuelewa kulichelewa kidogo, na nilikuona kunavyofika usoni mwake.

"Ilikuwa mimi," Mama akasema. "Nilikaa mlangoni nikapukuchua. Mtu akikaa mlangoni bure, wanamuuliza anangoja nini. Akiwa na kazi mkononi, wanampita. Nilimaliza mahindi yote ya mwaka huo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeongea na stoo? Wangejua stoo iko na mtu."

"Hata baadaye, Mama. Miaka hii yote."

"Nilidhani unajua. Nilidhani unasikia ni mimi."

Walilia wote wawili, na mimi nikatoka barazani kutazama mvua. Niliporudi, marehemu alikuwa amekwisha kuuliza swali lililomleta, wale watu walikuwa ni nani, na Mama alikuwa akijibu huku akikung'uta punje kwenye leso yake. "Walikuwa watoto wa hapa tu. Wengine wamehama, wengine wameoa. Mmoja ndiye huyo amewafungulia geti." Akaongeza kwamba tangu mwaka ule hajawahi kumuuliza na yeye hajawahi kusema, na kwamba ndiye humsaidia kukamua. Chai yangu ilikuwa imepoa na bado nilikishikilia kikombe kwa mikono miwili. Tulipoondoka, mvua imekatika, mwanamume yule alikuja tena getini. Aliinama kidogo upande wa dirisha la marehemu. "Safari njema, Mwalimu," akasema. Sijui alijua nini. Marehemu alimjibu, "Asante." Tulifika karibu nusu ya njia ndipo alipoanza kutetemeka, na nikasimamisha gari kando ya barabara mpaka alipotulia.

Aliimalizia gemu katika miaka yake ya mwisho, sehemu kubwa akiwa kwenye kile kitanda cha hospitali. Stoo hakuibadilisha. Sauti ya kukwaruza iko vile vile na bado inatisha. Lakini sasa mchezaji aliyevumilia bila kuusukuma mlango, akafika jioni ya mwisho, anatolewa nje kwa namna ambayo hakuitarajia: anajikuta ameketi kwenye kigoda, gunzi mkononi, mgongo umeegemea mlango ule ule. Kazi yake ni moja, kupukuchua. Watu wanakuja, wanasimama, vivuli vyao vinamwangukia mikononi, nyuso hazionekani. Mmoja anauliza, "Ndani kuna nini?" Hupewi jibu la kuchagua. Unaendelea kupukuchua, na ukisimama hata kidogo, kimya kinachofuata kinakutoa pumzi. Nimecheza gemu hiyo yote, na nawaambia hakuna jinamizi lenye meno na makucha linaloweza kunitisha kama vile vivuli. Yeye alinieleza kwamba alikuwa amekosea alipodhani vijana walichoshwa na mwendo wa polepole. "Mtu anaweza kungoja sana," alisema, "kama mikono yake ina kazi na anajua kuna mtu anayemngojea." Vijana wachache waliifikisha mwisho. Hakikuwa kitu cha kujaza kumbi. Lakini walioifikisha walimwandikia, na wengine walimwuliza kama Mama yule yuko hai.

Yuko hai, na alikuja Yamumbi kumzika. Hapo ndipo woga wangu ulipopanda tena, kwa maana turubai zilikuwa zimejaa jamaa waliotoka mbali, na kampeni zimeshawachoma watu mioyo. Nilisikia minong'ono alipoingia na shuka lake. Alipoitwa kusema machache, mzee mmoja wa ukoo alisimama akauliza kwa sauti, "Huyu anaongea kama nani?" Nilianza kutafuta kwa macho njia ya kutokea. Mama mzazi wa marehemu hakuinuka. Alisema akiwa amekaa, "Mwacheni aongee. Siku hizo mimi nilikuwa Nakuru. Yeye ndiye alikuwa na mtoto." Mzee akaketi. Mama jirani alishika kipaza sauti kama kitu cha moto. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Watu wanasema nilikuwa na roho ngumu. Si kweli. Mtoto aliogopa ndani, mimi niliogopa nje. Nilitaka sana kutoroka. Nilikaa tu." Akarudisha kipaza sauti, na mama mzazi akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

Nimelifikiria neno hilo, kukaa, tangu siku ile. Mambo yote mabaya ya wakati ule yalikwenda mbio. Uvumi ulikimbia kwenye simu, watu wakaamua kwa dakika chache juu ya majirani waliowajua maisha yao yote, moto ukawashwa kabla mtu hajauliza jina. Woga ndio uliotukimbiza, na hata leo woga unatuambia tufanye upesi, tufunge, tuhame, tumtazame mwenzetu na kumpa uso ambao hatukuuona. Marehemu alinifundisha kwamba si lazima woga uishe ndipo mtu afanye jambo jema. Unaweza kuogopa hadi mifupani na bado ukakaa ulipo, ukakaa muda wa kutosha kujua sauti unayoisikia ni ya nani.

Juzi nilizunguka ua wa michongoma nikaenda kwa jirani yangu, mtu wa kabila jingine, ambaye tumesalimiana kwa miaka bila kuingiliana nyumba. Alifungua geti kidogo tu. "Kuna nini, Mzee?" Nikamwambia hakuna kitu. Nilimwona akiogopa, maana mgeni asiye na shida ni mgeni wa kutisha siku hizi. Akanikaribisha hata hivyo. Tulizungumza juu ya mvua, tukazungumza juu ya mbolea, na maneno yakatuishia mapema. Nilitamani sana kuaga. Nikakaa. Chai ilipokuja mara ya pili aliniuliza, bila kunitazama, "Wakati ule wa fujo, wewe ulikuwa wapi?" Nikamweleza yote ninayoyakumbuka. Kisha nikamuuliza yeye, na nikangoja.